Kiungo cha Ukubwa wa Ukucha

Mwaka 1862, mjini Luxor, Misri, Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya biashara ya vitu vya kale, Edwin Smith, alinunua gombo la mafunjo. Lilikaa miaka mingi bila kueleweka vizuri, mpaka James Henry Breasted wa Chuo Kikuu cha Chicago alipolitafsiri na kulichapisha mwaka 1930. Ndipo ilipobainika kuwa ni daftari la tabibu: visa 48 vya majeraha, vilivyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka maandishi ya kale zaidi. Mwandishi anaanzia utosini na kushuka taratibu: fuvu, pua, taya, shingo, mabega, kifua. Kisa cha 48 kinahusu mgongo. Tabibu anaelekezwa amwambie mgonjwa anyooshe miguu yote miwili kisha aikunje. Akiinyoosha, ataikunja papo hapo kwa maumivu ya pingili iliyoteguka. Ugonjwa huo, mwandishi anasema, unatibika. Mgonjwa alazwe chali, kisha atengenezewe…

Hapo kalamu imesimama, katikati ya sentensi. Sehemu iliyobaki ya upande huo wa gombo ni tupu. Kwa hiyo tunajua jinsi Mmisri alivyompima mgonjwa wa mgongo miaka zaidi ya 3,500 iliyopita, ila dawa yenyewe ndiyo imetupita.

Naikumbuka sentensi hiyo kila ninapomwona mtu mzima akiinuka kwenye benchi la kituo cha daladala: mkono mmoja gotini, mwingine kiunoni, uso umekunjamana, hatua tatu za kwanza kama za mtu anayevuka matope. Ukimuuliza atakwambia ni mgongo. Lakini mgongo ni mtaa mzima, na swali lililowasumbua matabibu karne hadi karne ni nyumba ipi hasa inayowaka moto. Kuna misuli, kuna kano, kuna diski, kuna mishipa ya fahamu. Na nyuma kabisa, mahali ambapo kwa muda mrefu hakuna aliyepiga hodi, kuna viungo vidogo ambavyo kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Aliyewahi kupika kwa kuni ataelewa mpangilio wake. Pingili ya kiuno imekaa juu ya mwenzake kama chungu juu ya mafiga. Figa la mbele ni diski, lile tabaka lenye unyumbufu linalobeba uzito mkubwa. Mafiga mawili ya nyuma, kushoto na kulia, ni hivyo viungo vidogo. Wanaanatomia huviita faseti, kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya uso mdogo, kama uso wa kito kilichochongwa. Ni viungo kamili kama goti: vina gegedu linaloteleza, vina mfuko, vina ute, ingawa ukitaka kuvijaza kwa sindano mililita moja na nusu tu inatosha. Kazi yake ni kuuongoza mgongo unapoinama na kuuzuia usijipinde kupita kiasi. Diski ikisinyaa kwa umri, chungu huelemea nyuma. Gegedu hulika, mfupa huota vinundu pembeni, mfuko hunenepa na kukakamaa. Huo ndio ugonjwa wa baridi yabisi wa uti wa mgongo.

Na jina hilo lina ukoo wake. Bibi yangu mzaa baba hakuwa na jina jingine kwa maumivu ya viungo; goti, kiwiko, kiuno, vyote vilikuwa na baridi yabisi. Utotoni nilidhani ni baridi ya alfajiri iliyomwingia akiwa njiani kwenda shamba. Baadaye nilipojua kwamba yabisi ni Kiarabu, kavu, ndipo nilipoona bibi alikuwa akizungumza lugha ya Galeno, tabibu wa Kigiriki wa kale, bila kumjua. Matabibu wa Kigiriki waliugawa mwili katika majimaji manne, kila moja na tabia zake mbili: moto au baridi, unyevu au ukavu. Elimu hiyo ikaingia katika Kiarabu, Ibn Sina akaipanga katika Kanuni yake aliyoikamilisha mwaka 1025, na ikaenea kote walikofika matabibu wa Kiislamu. Ugonjwa wa baridi na ukavu hutibiwa kwa joto na mafuta. Ndivyo bibi alivyofanya: mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kuchuliwa jioni, kukandwa kwa maji ya moto, na siku mbaya zaidi akaumikwa kwa chuku. Asubuhi alijifunga kibwebwe akaenda kulima. Nadharia ya majimaji manne madaktari wa tiba ya kisasa hawaifuati tena, lakini akija mgonjwa aliyekakamaa kiuno bado huambiwa ajikande kwa kitu cha moto.

Wagiriki hawakuishia kwenye mafuta. Maandishi yanayohusishwa na Hippocrates yanaeleza jinsi mgonjwa mwenye mgongo uliopinda alivyofungwa kwenye ngazi, ngazi ikapandishwa juu ya jengo na kuachiwa ianguke wima, ili mtikisiko unyooshe kilichopinda. Mwandishi mwenyewe anaonekana kuona aibu. Anasema wanaopenda njia hiyo ni wale wanaotaka kuuacha umati vinywa wazi. Yeye alipendelea ubao na kamba za kuvutia. Kuvuta mgongo kwa kamba na uzito kuliendelea mahospitalini hadi karne ya 20, kukiwa na ushahidi mwembamba kuliko kamba zenyewe.

Dawa ya kumeza ilipata njia yake kando. Mwaka 1763 kasisi wa Kiingereza, Edward Stone, aliandika kuhusu gome la mti wa mwilo alilowapa wenye homa. Mwaka 1876 Thomas MacLagan wa Dundee alieleza alivyotumia kiini cha gome hilo, salisini, kwa wagonjwa wa viungo, na mwaka 1899 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza aspirini. Vidonge vingi ambavyo leo mtu mwenye kiuno kibovu huvinunua duka la dawa, ibuprofeni na diklofenaki vikiwamo, ni jamaa zake kwa kazi ingawa si kwa damu. Vinapunguza maumivu. Havirudishi gegedu, na vikimezwa kama karanga huchubua tumbo na kuchosha figo, jambo ambalo muuzaji mwenye foleni dirishani hana muda wa kulisema.

Kupumzika nako kukawa dawa. John Hilton, daktari wa upasuaji wa London, alitoa kitabu mwaka 1863 akisifu mapumziko kama tiba ya maumivu, na wengi walimsikiliza kupita alivyokusudia: vizazi vya wagonjwa wa kiuno vikalazwa kitandani kwa wiki nzima nzima. Lakini Hilton aliacha pia kanuni moja ya anatomia, kwamba mshipa wa fahamu unaohudumia misuli ya kiungo huhudumia na kiungo chenyewe. Kanuni hiyo ilikaa vitabuni kama mbegu kwenye ghala. Itatuhusu baadaye.

Mwezi Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei huko Würzburg, na kwa mara ya kwanza mfupa wa mtu aliye hai ukaonekana. Mwanadamu ana tabia ya kukilaumu anachokiona. Kwa mgongo, hatari ya tabia hiyo ilichukua karibu karne moja kujulikana.

Aliyepiga hodi kwanza kwenye viungo vya nyuma alikuwa Joel Goldthwait wa Boston, na kilichomsukuma ni msiba wa kikazi. Alikuwa na mgonjwa wa kiuno aliyemtibu kwa kumnyoosha na kumfunga plasta. Miguu ya mgonjwa ikapooza. Harvey Cushing, bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, akaitwa kumfungua mgongo, na bado chanzo hakikuonekana wazi. Goldthwait hakulifunika jambo hilo. Alirudi kwenye mifupa, akaikagua, na mwaka 1911 akachapisha makala akidai kwamba umbo lisilolingana la faseti kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na sakramu, mfupa ulio chini yake, lingeweza kueleza visa vingi vya maumivu ya kiuno na mguu. Akaongeza, kwa kupita tu, kwamba huenda hata diski inaweza kuchomoza na kubana mishipa. Yaani katika makala moja alitaja washtakiwa wote wawili wa karne iliyofuata.

Vittorio Putti wa Bologna alilipokea shauri hilo. Mwaka 1927, katika mhadhara uliochapishwa katika jarida la Lancet, alisema baridi yabisi ya viungo hivi, mahali mshipa unapotokea, ndiyo inayoleta maumivu yanayoshuka mguuni. Mwaka 1933 Ralph Ghormley wa Mayo Clinic akaupa ugonjwa jina linalotumika mpaka leo, sindromu ya faseti, na kupendekeza upasuaji. Ilionekana kesi imefika hukumu.

Hukumu hiyo ilidumu mwaka mmoja. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr, wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, walionyesha katika jarida la tiba la New England kwamba diski iliyopasuka inaweza kubana mshipa, na kwamba daktari anaweza kuitoa kwa kisu na mgonjwa akaamka mguu hauumi. Nani angeshindana na habari kama hiyo? Diski ilionekana, ilishikika, iliwekwa kwenye chupa na kuonyeshwa wanafunzi. Kwa miaka kama 30 daktari aliyetaja faseti alionekana kama mtu anayesimulia hadithi za zamani harusini. Walikuwepo wachache. Carl Hirsch na wenzake wa Sweden, mwaka 1963, waliingiza maji ya chumvi kali karibu na viungo hivyo na mtu akalalamika kiuno kilekile. Lakini mlango ulifunguliwa tena na mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, na kwa ufunguo usio wake.

Mtu huyo ni W. E. Skyrme Rees wa Australia. Mwaka 1971 alitangaza upasuaji mdogo wa ajabu: kisu chembamba kirefu kinachochomwa kupitia ngozi pande zote mbili za uti wa mgongo, kikazungushwa kukata vishipa vya fahamu vinavyokwenda kwenye viungo. Mgonjwa aliinuka na kurudi nyumbani. Mafanikio aliyoyataja yalikuwa asilimia 99.8. Sisi tuna neno la habari kama hizo, kupiga chuku, na inapendeza kwamba chuku ni ileile pembe ya kuumikia aliyowekewa bibi yangu kiunoni: kitu kinachovimbisha ngozi mpaka ionekane kuna kilichotolewa ndani.

Hata hivyo wagonjwa walikuwa wanapona, au walau walisema wamepona, na madaktari walisafiri kujifunza. Mmoja wa waliovutiwa alikuwa Norman Shealy, daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu wa Wisconsin, Marekani. Alijaribu kisu cha Rees na hakufurahishwa na damu iliyojikusanya ndani ya misuli. Badala ya kukata, akaona, kwa nini asiunguze? Katikati ya miaka ya 1970 alianza kuingiza sindano yenye ncha inayopashwa moto kwa mawimbi ya redio, njia iliyokwisha kutumika kwingine mwilini. Hakukuwa na damu, hakukuwa na kovu. Mashine hiyo ndiyo nyanya wa mashine za leo.

Wakati huohuo, mwaka 1976, Vert Mooney na James Robertson wa Marekani walirudia jaribio la maji ya chumvi, safari hii sindano ikiongozwa na eksirei inayotembea hadi ndani ya kiungo chenyewe. Maumivu hayakubaki kiunoni. Yalitambaa kwenye tako, yakashuka pajani, misuli ya nyuma ya paja ikakaza kiasi kwamba mguu haukuinuka vizuri. Wakaingiza dawa ya ganzi, na mguu ukainuka. Dalili ambazo wanafunzi walikuwa wamekaririshwa kuwa ni za diski zilitoka kwenye kiungo cha ukubwa wa ukucha.

Ndipo akaingia kijana wa Australia mwenye subira na maiti. Nikolai Bogduk alikuwa mwanaanatomia, na swali lake lilikuwa la mtoto mdogo: hicho kisu cha Rees kinafika wapi? Mwaka 1977 yeye na wenzake walirudia upasuaji huo juu ya maiti, kisha wakapasua kuangalia. Kisu hakikufika kwenye mshipa. Kilikata misuli. Miaka miwili baadaye, 1979, pamoja na Don Long wa Marekani, akaigeukia na njia ya Shealy, akakuta kwamba hata sehemu zilizokuwa zikiunguzwa si pale mshipa unapopita.

Nimewahi kumsimulia daktari mmoja rafiki yangu kisa hiki kama kichekesho, naye hakucheka. Alisema jambo zito si kwamba wale walikosea njia, bali kwamba wagonjwa waliridhika. Maumivu ya kiuno hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kwa daktari siku yalipopanda, na lolote atakalofanyiwa siku hiyo litapata sifa yakishuka. Mganga wa chuku, mkandaji, Rees kwa kisu chake, wote waliokota embe lililokuwa tayari kuanguka.

Bogduk hakuishia kubomoa. Alichora ramani. Kila mshipa mdogo, akaonyesha, huvuka shina la ubawa wa pingili mahali palepale, juu ya mfupa, ambapo sindano inaweza kuongozwa kwa eksirei bila kubahatisha. Kila kiungo hupokea vishipa viwili, kimoja kutoka ngazi yake na kingine kutoka ngazi ya juu yake, kwa hiyo anayetia ganzi kimoja tu hajafanya kitu. Na mshipa huohuo hulisha misuli mifupi ya ndani ya mgongo, sawasawa na kanuni ya Hilton iliyokuwa ghalani tangu karne ya 19. Kuanzia hapo daktari aliweza kuuliza swali na kupata jibu: nikiuzima mshipa huu kwa ganzi, kiuno kinanyamaza?

Majibu yalikuwa machungu. Mwaka 1991 Simon Carette na wenzake wa Kanada waliwachoma wagonjwa sindano ndani ya kiungo, 49 wakipata kotikosteroidi, dawa ya kizazi cha kotisoni iliyoanza kutumika Mayo Clinic mwaka 1948, na 48 wakipata maji ya chumvi ya kawaida. Baada ya mwezi mmoja walioona nafuu kubwa walikuwa asilimia 42 upande wa dawa na 33 upande wa maji. Watafiti wakaandika kwamba sindano hiyo haina faida ya kutajika. Inaendelea kuchomwa mpaka leo katika nchi nyingi.

Mwaka 1994 Anthony Schwarzer, Bogduk na wenzao waliwapima wagonjwa 176 kwa ganzi mara mbili, siku mbili tofauti, kwa dawa mbili tofauti. Mara ya kwanza asilimia 47 walisema wamepata nafuu. Mara ya pili waliothibitisha kuwa maumivu yamepungua angalau nusu walikuwa asilimia 15. Zaidi ya hapo, hakuna dalili ya mwili, iwe kuumia unapojipinda nyuma, kukakamaa asubuhi, au uchungu unapobonyezwa, iliyoweza kuwatenga hao na wengine. Mpaka hapo daktari aliyedai kuijua faseti mbovu kwa kuibonyeza tu alikuwa akijidanganya.

Na ile picha? Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa watu 188 wa Framingham, Massachusetts, mji maarufu kwa tafiti za moyo, waliopigwa picha za CT. Zaidi ya nusu walikuwa na baridi yabisi kwenye viungo hivi, na iliongezeka kadiri umri ulivyopanda. Kati ya miaka 60 na 69 ni wachache tu walionusurika. Lakini kuwa nayo hakukuhusiana na kuumwa kiuno. Mwenye vinundu vya mifupa alicheza na wajukuu. Mwenye picha safi alishindwa kuinama. Kwa hiyo mtu anapotoka chumba cha picha na bahasha yenye maneno ya kutisha kuhusu pingili zake, alichopewa mara nyingi ni habari ya umri wake.

Kuna jambo ambalo bahasha hiyo inaweza kulisema vizuri, na katika nchi zetu lisipuuzwe: kifua kikuu cha uti wa mgongo, alichokieleza Percivall Pott mwaka 1779, bado kipo. Homa za jioni, kukonda, miguu kulegea, kushindwa kuzuia mkojo, hayo si ya faseti wala ya kukandwa nyumbani.

Kitanda cha mapumziko nacho kilianguka karibu na wakati wa majaribio hayo ya sindano. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake waliwagawa wagonjwa 203 wa kiuno: wengine walale siku mbili, wengine saba. Wa siku mbili walirudi kazini mapema na hawakuwa na maumivu zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Helsinki waliwaambia baadhi ya wafanyakazi wa jiji wasilale kabisa, waendelee na shughuli kadiri wawezavyo, na hao ndio waliopona haraka kuliko wote. Bibi aliyejifunga kibwebwe akaenda shamba alikuwa ameshatangulia, ingawa kwake hapakuwa na uchaguzi.

Kuhusu kuunguza mshipa, madaktari bado wanavutana. Uingereza, katika mwongozo wa Novemba 2016 wa NICE, taasisi yake ya miongozo ya tiba, ilikubali kwa wagonjwa wachache ambao kipimo cha ganzi kimewapa nafuu na tiba nyingine zimeshindwa, na papo hapo ikazikataa sindano za kutuliza kiuno. Miezi michache baadaye, mwaka 2017, Waholanzi wakatoa matokeo kutoka kliniki 16: kuunguza pamoja na mazoezi hakukuzidi mazoezi peke yake kwa kiasi cha maana. Waungaji mkono wakaja juu, wakisema wagonjwa walichaguliwa kwa kipimo kimoja tu cha ganzi na sindano hazikulazwa sambamba na mshipa kama inavyotakiwa. Mimi naona hoja yao ina uzito, kwa sababu ya zile asilimia 47 zilizogeuka 15. Lakini namwelewa pia anayewakumbusha Rees.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, likikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, sugu na yasiyo sugu. Linapendekeza mazoezi yaliyopangwa, elimu kwa mgonjwa, na dawa za kupunguza uvimbe kwa uangalifu. Halipendekezi kuvutwa kwa uzito, wala dawa za jamii ya afyuni, wala mikanda ya kiunoni ambayo wamachinga wanaining'iniza leo pembeni ya barabara karibu na chaja za simu.

Kwa yule mmoja kati ya wachache ambaye ganzi mbili zimemjibu sawasawa, utaratibu ni huu. Analazwa kifudifudi, si chali kama alivyotaka Mmisri, mto chini ya tumbo ili kiuno kinyooke. Sindano inasukumwa taratibu, ikilala kando ya mfupa pale Bogduk alipoweka alama. Ncha inapashwa hadi nyuzijoto kama 80, kwa dakika moja au moja na nusu. Anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na akiwa na bahati atakaa miezi sita, pengine mwaka, akiinuka kwenye benchi bila kushika kiuno. Hiyo ndiyo nafasi ya kutembea, kuimarisha misuli ya mgongo na tumbo, kupunguza uzito, kwa sababu mshipa uliounguzwa huota upya, pole pole, mpaka umefika tena kwenye kiungo kilekile, na siku moja asubuhi, akiwa amejipinda nyuma kidogo kuanika nguo, atausikia.